Majina Niliyoyarudisha kwenye Mashine ya Maji

Mwanangu Somoe,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekunywa uji vikombe viwili, umebishana na mama yako juu ya begi, kisha umepanda bodaboda kwenda Chilangala kumuaga bibi yako. Utarudi jioni. Kesho alfajiri utapanda basi, na mimi nitakubebea begi hadi stendi nikijifanya sina neno. Neno ninalo, ndiyo maana nimefunga mlango naandika sasa, mchana, kabla hujanikuta na kalamu mkononi.

Habari za safari sizigusi. Mama yako ameshakuambia usishuke hovyo basi likisimama Nanganga, ameshakuwekea shuka zito la baridi ya Dodoma, na ukimpa nafasi atakuambia tena. Mimi nina jambo moja, na nalisema mapema nisije nikalizungusha. Nimekuonea wivu. Si siku moja wala mbili. Nimekuonea wivu kwa miaka, mimi baba yako mzazi, na wivu huo ulikugharimu kitu ambacho mpaka jana sikujua ukubwa wake.

Ulipozaliwa nilikuwa fundi redio pale sokoni Newala. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, na vitu vilivyokuwa vikipatikana kwa kujuana vikaanza kupangwa barazani mchana kweupe. Aliyeuza korosho alirudi nyumbani na redio kaseti begani. Redio zile zilikuwa rahisi na ziliharibika haraka, na kila iliyoharibika ililetwa kwangu. Nilikuwa mtu, Somoe. Nikipita njiani watu waliniita Fundi, na mama yako naye akaniita hivyo hivyo hadi nyumbani: "Fundi, maji ya kuoga tayari."

Kazi ile niliilinda kwa roho mbaya. Nikibadilisha kifaa ndani ya redio ya mtu, nilichukua wembe nikakwangua namba zake zote, ili fundi mwingine akiifungua asijue nimeweka nini. Ulikuwa na miaka tisa au kumi, umekaa kwenye benchi langu unaning'iniza miguu, ukaniuliza, "Baba, na wewe ukisahau, utajuaje?" Nikakufukuza ukacheze. Haikupita miezi miwili, redio ile ikarudi, na mimi nikakaa nayo siku nzima nikikitazama kifaa nilichokikwangua mwenyewe, sijui ni kipi. Sikukuambia. Nilichokumbuka siku ile si makosa yangu, ni kwamba mtoto aliona kabla yangu, na nikakasirika.

Baadaye redio mpya ikawa rahisi kuliko kutengeneza ya zamani, na benchi langu likabaki la kuwekea kofia. Ndipo maji nayo yakapewa kampuni. Walipofunga ile mashine kwenye kioski cha maji, wakatafuta mtu wa kuitunza anayejua kushika bisibisi, nikachukuliwa mimi. Unajua nilivyoringa. Kisanduku cha kijivu ukutani, sola juu ya bati, mtu anagusisha tokeni yake, kile kidude cha plastiki cha kulipia, kioo kinawaka jina lake, maji yanatoka. Jina liliwekwa ili tokeni ikiokotwa ijulikane ni ya nani. Wazee walikuja kugusisha hata kama ndoo zao zimejaa, waone tu majina yao yanawaka. Na mimi nilisimama pembeni nimefunga mikono kifuani, utadhani nimeitengeneza mwenyewe.

Kila baada ya miezi kadhaa Fundi Erasto alikuja kutoka ofisi ya Masasi kuibadilishia mashine programu. Alikuwa kijana mpole, akiniita Mzee. Siku moja alifungua kifuniko, akachomeka kadi ndogo kama ukucha, akawa ananieleza huku akifanya, na mimi nikaitikia "ndiyo, ndiyo" kama ninavyofanya nisipoelewa. Siku hiyo uliniletea chakula. Ukamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Ukasimama, ukatazama, halafu ukauliza, "Samahani fundi, hayo majina ya watu yanakaa ndani ya programu, au yanakaa pembeni yake?"

Erasto akaweka bisibisi chini. "Pembeni," akasema. "Ndiyo maana lazima tuyatoe kwanza, tuyaweke kwenye kadi nyingine, tubadilishe programu, halafu tuyarudishe. Usipoyatoa, programu mpya inayafuta. Umesoma wapi wewe?"

"Hapa hapa. Nimemaliza kidato cha nne mwaka jana."

"Basi sogea."

Miezi minane nilikuwa nimesimama karibu na mashine ile, na hakuna aliyewahi kuniambia nisogee. Nilikula chakula ulichoniletea, lakini nakwambia ukweli, hata sikumbuki kilikuwa chakula gani. Nilikuwa nasikiliza mlivyokuwa mnaongea.

Tangu siku hiyo Erasto akipiga simu, anapiga kwangu kwa sababu simu ilikuwa yangu, ananiuliza hali, mvua, korosho, kisha anasema, "Mzee, naomba niongee na Somoe." Nilikupa simu. Halafu nilibaki pale pale, najifanya natafuta kitu kabatini. Siku nyingine nilikuambia mtandao umekata wakati haujakata. Fundi akija, nilikutuma dukani, na ukirudi upesi nilikutuma tena. Wewe ulikwenda bila kununa, na nikasema moyoni, afadhali angenuna.

Kisha ukaandika ile karatasi. Hatua za kubadilisha programu, moja hadi nane, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yangu, ukaibandika ndani ya kifuniko. Ya kwanza ukaipigia mistari miwili: TOA MAJINA KWANZA. Kila nilipofungua kifuniko nilihisi inanifundisha mbele ya watu. Nikavumilia wiki mbili. Jioni moja nyumbani mama yako akaita kutoka jikoni, "Fundi, njoo ule!" Nikainuka. Akanitazama, akacheka, akasema, "Si wewe, Baba Somoe, namwita fundi wangu mdogo, wewe umeshakula." Wote mlicheka, na mimi nikacheka. Kesho yake asubuhi niliibandua ile karatasi, nikaichana vipande vidogo.

Sasa nafika penyewe, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Erasto alipiga simu kusema kadi ya programu mpya inakuja na basi, akasema tena, polepole, kama mtu anayeogopa kuudhi, "Mzee, hii mwachie Somoe aiweke. Ofisi wanataka kumwona anavyofanya. Kuna nafasi ya mafunzo mwaka huu." Nikamjibu, "Haina shida." Kadi ilipofika, jioni hiyo hiyo nikakuambia bibi yako ameagiza uende kumsaidia kuokota korosho. Bibi yako hakuagiza kitu. Ukaondoka kesho yake saa kumi na mbili asubuhi na gari la kwanza. Saa moja na robo nilikuwa nimeshafungua kifuniko.

Nilitaka niifanye peke yangu, mara moja tu, Erasto asikie kwamba mzee ameweza. Nikachomeka kadi. Kioo kikazima, kikawaka, kikaandika kwamba programu mpya iko tayari. Nilifurahi, mwanangu, nilijipiga kifua. Halafu akaja mtu wa kwanza na tokeni yake, kioo kikaandika: haijulikani. Wa pili, haijulikani. Sikuwa nimetoa majina.

Foleni ya Newala wakati wa kiangazi unaijua. Watu walikuwa wamepanga ndoo tangu alfajiri, na mashine haimjui hata mmoja. Nikakimbilia kwenye kopo langu la vifaa, nikaipata kadi ya zamani, ile ya siku mashine ilipofungwa, yenye majina kama yalivyoandikwa siku ile. Nikairudishia mashine majina hayo. Maji yakatoka, watu wakashangilia. Waliojiandikisha baadaye ndio walikosa, nikawaambia wasubiri. Niliona nimetoka salama.

Nilichosahau ni kwamba tangu siku ile ya kufunga mashine, jando na unyago vilikuwa vimepita mara mbili.

Wewe huhitaji kuelezwa, umetoka huko na jina lako jipya mwenyewe. Lakini nakuandikia nikiwa najieleza mwenyewe pia, maana mimi Mmakonde, mtu mzima, nimekaa na majina ya watu mkononi na halikunipitia kichwani. Kijana akitoka jandoni, jina la utotoni limekwisha. Ukimwita nalo umemrudisha alikotoka, umemtukana mbele za watu, na utatozwa faini. Na mashine ile ilikuwa inawaita wote hivyo, kwa herufi za kuwaka.

Wa kwanza alikuwa Ahmadi. Kijana mrefu, ametoka jandoni mwaka uliopita, anapita mbele ya mabinti na ndoo begani. Akagusisha. Kioo kikamkaribisha kwa jina lile la utotoni. Silitaji hapa, nimeshapata adabu. Watoto nyuma yake wakalisoma kwa sauti, mabinti wakashika midomo.  Ahmadi akaiacha ndoo imejaa nusu chini ya bomba, akaondoka. Mtu kuacha maji hapa Newala, ujue amechomwa.

Haikuchukua muda mama yake akaja. Naye akagusisha tokeni yake, nikajua kinachokuja na nisingeweza kukizuia, kwa sababu yeye naye aliandikwa Mama Fulani, na Fulani huyo ni lile jina la Ahmadi la utotoni, mtoto asiyekuwepo tena. Akakitazama kioo. Akanigeukia.

"Baba Somoe, mashine yako inanitukana."

"Mama Ahmadi, ni hitilafu tu—"

"Inanitukana mimi na mwanangu. Sisi tumekukosea nini? Nani ameigusa?"

 Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja fupi. Ningesema "mimi", wangenipigia kelele, ningetozwa, pengine kampuni ingenitoa. Hayo yote niliyapima kwa haraka, lakini sitakudanganya kwamba ndiyo yaliyonifunga mdomo. Kilichonifunga ni kwamba nilisikia sauti ya Erasto ikisema, "Nilimwambia amwachie Somoe." Nikasema, "Ni huyu binti yangu. Aliichezea jana kabla hajaondoka."

Nilipolisema, Mungu anisamehe, kuna kipande cha moyo wangu kilipoa. Nikasema, sasa na yeye wataona si malaika. Hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyokuja kukuandikia, na ningeweza kukiacha, wewe usingejua kamwe.

Nilipiga simu kwa jirani wa bibi yako, ukaambiwa urudi. Ulifika mchana, vumbi hadi kwenye kope. Ulipofika kwenye kioski, kabla hujamwuliza mtu chochote, ulivua mtandio wako ukafunika kioo cha mashine. Hukukisoma. Kisha ukafungua kifuniko, ukakaa na mashine muda mrefu, ukanitazama mara moja. Mimi nikatazama ndoo. Ukaomba daftari. Siku tatu ulikaa pale juani, kila mtu anakuja na tokeni yake, unamwuliza kwa adabu, "Niandike nani?" na anakutajia mwenyewe. Wapo waliokujibu kwa ukali, na wapo waliokutupia tokeni. Mimi nawajua watu wale wote, ningeweza kukutajia majina yao kutoka kichwani bila kumwuliza mtu. Ndiyo tofauti yetu. Mimi ningejaza ninachokijua.

Jioni ya siku ya tatu tulikwenda kwa Mama Ahmadi, wewe na kuku mkononi. Ulipiga magoti ukaomba radhi kwa kosa lisilo lako, na mimi nimesimama nyuma yako kama mzazi. Nilisema, "Ni mtoto huyu, mmsamehe." Nilisema kwa mdomo huu. Ahmadi alikuwa mlangoni, hakukuitikia salamu, na mwaka mzima hakukuitikia. Najua hilo lilikuuma, maana mlikuwa mnasoma pamoja.

Nafasi ya mafunzo ikaenda kwa mtu mwingine. Erasto akasema tu ofisi wamebadilisha mpango. Wewe ukaendelea kuuza vitumbua na mama yako, na mashine ukawa unaitengeneza pale ninapokwama, ukinielekeza kwa sauti ndogo ili watu wasisikie kwamba ni wewe. Mwaka huu nafasi imekuja tena, ya Dodoma, na umechaguliwa. Nikaona siwezi kukubebea begi na huku nimekaa kimya. Jana nikampigia Erasto, kwa ujasiri niliokopeshwa na mama yako, ambaye nilimwambia yote juzi na hajaongea nami vizuri tangu hapo.

Nikamwambia, "Fundi, ile siku si Somoe. Ni mimi."

 Akasema, "Mzee, nilijua. Mashine inaandika ndani yake kila inapofunguliwa, saa na dakika. Iliandika saa moja na robo asubuhi. Somoe saa ile alikuwa ndani ya gari, alikuwa ameniandikia ujumbe kwa simu ya abiria mwenzake kwamba hatakuwepo, nisubiri."

Nikamwuliza kama na wewe uliiona ile saa.

"Aliiona siku ile ile. Ofisi walitaka jina la aliyefanya. Kama ni mtunzaji, anaondolewa. Kama ni yeye, anakosa nafasi. Nilimwambia, Somoe, sema ukweli, ushahidi upo. Akaniambia, fundi, andika mimi. Baba akitolewa pale atakaa wapi mchana?"

Simu ilibaki sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata. Nilikuwa kwenye benchi langu la zamani. Ningependa kukuambia nililia kwa kukupenda, na nililia kweli. Lakini umeshajua barua hii haina uongo, basi sikiliza: hata pale, machozi yakinitoka, nilikuonea wivu. Nilijiuliza ulipata wapi moyo wa namna hiyo, na kwa nini sikuupata mimi kwanza.

Leo ulipopanda bodaboda nilikwenda kwenye kioski, foleni ikiwa imejaa. Nikamwamkia mama yake Ahmadi, nikamwambia mbele za watu nani aliyerudisha majina yale. Akatua ndoo yake.

"Mwaka mzima," akasema, "namtazama mwanao kwa jicho baya, na wewe unanisalimia kila siku hapa."

"Ndiyo."

"Yeye alitoa kuku. Wewe utatoa mbuzi."

Nitatoa. Ahmadi naye alikuwepo. Akaniuliza tu basi lako ni la saa ngapi. Nimemwambia. Akija stendi kesho, mwitikie salamu yake, au usimwitikie, hiyo ni haki yako. Ofisi ya Masasi nimeiandikia barua pia, na Erasto amesema ataipeleka mwenyewe. Kama wataniondoa, wataniondoa. Nitakaa mahali mchana, usihofu juu ya hilo tena. Usinunue kazi yangu kwa kitu chako mara ya pili.

Sina mengi ya kukuusia, na mtu wa aina yangu hana uso wa kuusia. Moja tu ninalo, nimelilipia. Siku moja huko Dodoma utakuwa mkubwa wa mashine nyingi, na atakuja mtu chini yako, pengine hajui hata kushika bisibisi, atakuuliza swali zuri kuliko yote uliyowahi kuuliza. Utasikia kitu kinakuvuta hapa chini ya kifua. Sikuambii kisikuvute, kitakuvuta, wewe ni mwanangu. Kikikuvuta, usimtume dukani.

Wivu wenyewe haujaisha. Kesho basi likiondoka nitamwonea wivu dereva, kwa kuwa atakaa nawe saa nyingi kuliko mimi. Nitawaonea wivu watu wa ofisi ile watakaokuona unafungua kifuniko, na Erasto, ambaye atasema popote kwamba yeye ndiye aliyekugundua. Na watakuuliza huko, lazima watakuuliza, kwamba binti wa Newala huyu kazi hii alifundishwa na nani. Nitakuwa huku natamani useme ni baba yangu, alikuwa fundi redio. Natamani sana, Somoe. Usiseme. Mimi nilikufundisha kushika bisibisi. Mengine yote ulijifunza nikikuzuia.

Baba yako